Meza ya Mlangoni

2 Machi

Mvua imeanza leo mchana, kaka yangu akiwa anapigilia rafu ya mwisho. Imeanza kwa fujo, kama mgeni aliyechelewa mkutanoni na anataka kila mtu ajue kwamba amefika. Kaka ni seremala, na ana imani kubwa na kazi yake. Ameshuka kwenye ngazi, akatazama dari, akasema, "Hapa hapenyi hata mende." Hajafunga mdomo, tone likamdondokea puani.

Basi duka limefunguliwa. Miaka yote niliyokaa mapokezi hospitalini nilikuwa naota kitu kimoja tu: chumba chenye meza pana, taa nzuri na maboksi ya michezo mpaka darini, ambapo mtu mzima anaweza kucheza bila kuulizwa kama hana kazi ya kufanya. Sasa chumba ninacho. Kuna michezo ya karata, mchezo wa reli, mchezo wa visiwa, drafti, dadu za kila rangi, na kabati la vioo lenye askari wadogo wa plastiki. Askari hao mtu huwanunua wakiwa wa kijivu, akaenda kuwapaka rangi mwenyewe.

Mshirika wangu ni wifi yangu, mke wa kaka. Aliwainamia wale askari kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wifi, yaani tunauza midoli, halafu kazi ya kuimalizia tunampa mteja?"

3 Machi

Mvua. Mteja mmoja. Alitaka betri.

5 Machi

Mvua. Mteja yule yule wa betri. Nimemwonyesha mchezo wa visiwa, akausifia sana, akauliza kama unatumia betri.

7 Machi, Jumamosi

Leo Bingwa amekuja!

Bingwa ni mfamasia wa hospitali niliyotoka. Jina hilo tulimpa sisi, na yeye hajawahi kulikataa. Mwaka aliofariki mume wangu, watu wote kazini walikuwa wananiongelesha kwa sauti ya chini, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Bingwa peke yake aliniita saa ya chakula cha mchana kwenye chumba cha dawa, akafuta vumbi juu ya boksi la dripu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Keti hapa nikufundishe kitu." Akatandaza karata. Siku ile nilishindwa vibaya, na nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Bila yeye hili duka lisingekuwepo.

Amekuja na wenzake watatu, wote wachezaji wazito. Wamechagua meza kubwa, ile iliyo mkabala na mlango kwa sababu ina mwanga kuliko zote, wakacheza mchezo wa reli mpaka jioni. Nilisimama nyuma yake nikitazama anavyofikiri. Mkono wake hausiti. Kabla ya kuondoka wamenunua maboksi mengi kuliko tuliyouza wiki nzima. Si kazi kubwa, maana wiki nzima hatukuuza hata moja.

Nimemwambia Wifi, "Umeona? Mtu kama huyu ndiye anayelifanya duka liwe duka."

Wifi alikuwa anafagia. "Nimeona. Amekalia kiti chako."

12 Machi

Mvua. Paa linavuja sehemu mbili. Kaka anasema si kuvuja, ni "jasho la bati".

14 Machi, Jumamosi

Tumepata wateja wawili wa kudumu! Wa kwanza ni fundi saa wa mtaa wa pili. Anakuja na lenzi yake ile ya jichoni, anakaa kwenye kona karibu na kabati na kumpaka rangi askari mmoja kuanzia asubuhi hadi mchana. Leo amemtia askari nyusi. Mimi hata baada ya kuonyeshwa sikuziona, ila nimesifia.

Wa pili ni mkunga. Anakuja akitoka zamu, amechoka hoi. Anasema, "Zamu yangu ikifika niamsheni," analaza kichwa mezani na kukoroma. Ukimwamsha, anatazama ubao mara moja, anaangamiza jeshi la mtu, anarudi kulala. Mmoja wa rafiki zake Bingwa ameuliza kama wanaruhusiwa kumwacha alale kidogo zaidi.

Pia leo mtu amekuja na maandazi, akashika karata. Wifi ameweka beseni, sabuni na taulo kwenye stuli pembeni, kisha akamtazama. Mtu amenawa mpaka kwenye viwiko.

18 Machi

Tumegombana kidogo mimi na Wifi. Nilitaka tufungue boksi moja la kila mchezo, watu waweze kujaribu kabla ya kununua. Wifi alikataa katakata.

"Boksi lililofunguliwa ni nguo iliyovaliwa," alisema. "Utamuuzia nani?"

"Hatuuzi lile. Lile ni la kuchezea hapa."

"Kwa hiyo tunagawa."

Nimefungua hata hivyo, mchezo wa visiwa, wakati amekwenda dukani kununua chai. Alirudi akakuta mwalimu mmoja na mumewe wanaucheza, wanacheka mpaka wanashikana mikono. Walipomaliza walinunua mpya, pamoja na mwingine wa karata kwa ajili ya dada yake mwalimu. Wifi amekunywa chai yake. Kisha akachukua kisu akafungua boksi la reli.

"Nguo ikivaliwa," akasema, "watu wanaona inavyokaa."

21 Machi, Jumamosi

Mvua ya leo ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Katikati ya mvua mlango ukafunguliwa kwa kisigino, akaingia mtu kinyumenyume, amekumbatia trei za mayai zilizopangwa hadi kidevuni.

"Samahani, dada," akasema. "Mimi nikilowa si kitu. Haya yakilowa trei zinalegea, na trei zikilegea hata Mungu hawezi kuyabeba."

Trei tumezipa nafasi juu ya kabati. Akasimama mlangoni akitazama meza ya Bingwa juu ya mabega ya watu. Hakuna aliyegeuka, walikuwa katikati ya mchezo. Fundi saa ndiye aliyemsogezea kiti kule kwenye kona, na mimi nikamfundisha mchezo wa visiwa.

Muuza mayai anafikiri kwa sauti. "Hapa nikienda kushoto, jirani atanuna. Nikienda kulia, nitanuna mimi. Nikikaa hapa, tutanuna wote, lakini kwa amani." Mkunga aliamka kabla ya zamu yake ili amsikilize. Mvua ilikatika, yeye akabaki.

24 Machi

Muuza mayai amepita kuuliza kama ni kweli Jumamosi tunakuwepo. Amemwachia Wifi mayai mawili. Wifi anasema yule ndiye mteja wa kwanza mwenye akili timamu.

28 Machi, Jumamosi

Duka limejaa. Muuza mayai yupo, na amecheza vizuri zaidi. Bingwa alipita nyuma yake akienda msalani (tumeshatengeneza maji, asante kaka), akatazama ubao, akasema, "Hapo ulishapoteza zamani, hujajua tu." Watu wakacheka. Hata mimi nimecheka, maana ilikuwa kweli.

Baada ya kufunga Wifi alisimama katikati ya duka, mikono kiunoni.

"Wifi, hebu toka nje, kisha uingie."

"Mvua hii?"

"Toka."

Nimetoka, nimeingia.

"Umeona nini?"

"Nimekuona wewe."

"Leo mimi tu, kwa sababu wameondoka. Mchana mtu akifungua mlango huu anakutana na migongo. Minne, mipana. Hakuna uso hata mmoja. Mtu akikaribishwa na mgongo anajua hajakaribishwa."

Nimemwambia anamwonea Bingwa wivu kwa sababu yeye mwenyewe hachezi. Amechukua mwavuli wake akaenda zake.

4 Aprili, Jumamosi

Mvua. Bingwa alikosa mtu wa nne, nikacheza mimi. Nilikuwa naongoza! Wifi akaniita kwa sauti ndogo.

"Wameondoka."

"Akina nani?"

"Ndiyo hayo ninayosema," akajibu.

Kumbe mama mmoja na mwanawe mkubwa waliingia, wakasimama pale mlangoni mpaka maji yakafanya kidimbwi chini ya viatu vyao, wakatoka. Mimi niliyekaa mapokezi nusu ya maisha yangu sikuinua kichwa. Na mchezo wenyewe nilishindwa.

11 Aprili, Jumamosi

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa kubwa tangu asubuhi na duka lilijaa mpaka watu wakakalia makreti. Marafiki wawili wa Bingwa hawakuja, akakosa watu wa mchezo wa reli. Mkunga akakaa. Kiti cha nne kikabaki wazi, na muuza mayai, ambaye trei zake zilikuwa juu ya kabati kama kawaida, akauliza kwa adabu, "Daktari, naweza kujaribu?"

Bingwa alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Nilifurahi, nilidhani ndio mwanzo wa jambo zuri.

Ule mchezo si rahisi. Muuza mayai alianza kufikiri kwa sauti, kama kawaida yake. "Nikijenga njia huku, mama mkunga ataamka vibaya. Nikijenga kule..." Mkunga akacheka. Bingwa hakucheka. Alikuwa anagongesha kucha mezani. Raundi ya kwanza akavumilia. Ya pili akavuta pumzi kwa nguvu. Ya tatu akanyoosha mkono, akachukua kete ya muuza mayai kutoka vidoleni mwake, akaiweka mwenyewe kwenye ubao.

"Hapo. Ndipo pa kuweka. Unatuchelewesha."

Muuza mayai akatazama vidole vyake. "Nilikuwa naelekea hapo hapo, Daktari. Nilitaka tu nifike mwenyewe."

"Ndugu yangu," Bingwa akasema, na hakuinua sauti, hilo ndilo baya zaidi, "hapa ni mahali pa watu wanaocheza. Si banda la kujikingia mvua."

Brashi ya fundi saa ilisimama hewani. Watu hawakumtazama Bingwa wala muuza mayai. Walinitazama mimi, mwenye duka.

Nami sikusema kitu. Nilifungua mdomo nikauona uso wa mtu aliyenifutia vumbi boksi la dripu, na neno likagoma kutoka.

Muuza mayai alisimama, akarudisha kiti chake vizuri chini ya meza. Akamwambia mkunga, "Samahani, mama, nimewaharibia hesabu ya watu." Akakumbatia trei zake na kutoka kwenye mvua ile ile aliyoikimbia. Wifi alinyakua mwavuli akamfuata mbio.

Mkunga akasimama pia. Hakuwa na usingizi hata chembe. "Mimi nimezalisha wanawake wanaochelewa kuliko yule," akamwambia Bingwa, "na sijawahi kumsukumia mtu mtoto wake." Akaondoka.

Wifi alirudi amelowa chapachapa, mwavuli kampa muuza mayai. Nikamuuliza amesema nini.

"Amesema asante. Amesema duka ni zuri sana, ila si lake."

12 Aprili

Mvua. Sikwenda popote. Kaka amekuja kunitazama, amekaa sebuleni akala chakula changu chote, akasema, "Wifi yako hajalala kwa hasira. Mimi nimelala vizuri." Huyo ndiye kaka yangu.

13 Aprili

Nimekwenda hospitalini, kwenye dirisha la dawa. Nilipanga foleni kama mgonjwa. Bingwa aliponiona alitabasamu.

"Unaumwa?"

"Naumwa na jambo la Jumamosi."

Akamwachia msaidizi dirisha, tukasimama kwenye korido. Nimemwambia yote. Kwamba namheshimu. Kwamba bila yeye sijui ningekuwa wapi. Kwamba katika duka langu hakuna mtu atakayeshika kete ya mwenzake, wala kumwambia mtu hapa si pake.

"Unanifukuza," akasema.

"Nakuomba uje kivingine."

"Mimi nimekuletea wateja. Mimi ndiye ninayenunua. Yule anakununulia nini? Anakuletea mayai mawili!"

"Na watu wanaamka usingizini ili wamsikilize."

Akasema kwa upole, kama vile ananipa maelekezo ya dozi, "Mchezo ni akili. Ukiushusha ili kila mtu aufikie, utabaki na kelele tu. Sisi tutachezea nyumbani kwangu."

Nilitembea kurudi nikilia kidogo. Faida moja ya mvua ni kwamba hakuna aliyejua.

18 Aprili, Jumamosi

Mvua. Hakuna mtu. Si Bingwa na kundi lake, si mkunga. Fundi saa peke yake kwenye kona, naye anasema askari hawa wanahitaji viatu, kwa hiyo hana haraka.

Mchana "jasho la bati" limekuwa maporomoko. Maji yameshuka moja kwa moja juu ya rafu ya kati. Mimi na Wifi na fundi saa tumeunda mstari, tunapokezana maboksi mikono kwa mikono mpaka kwenye kona kavu. Michezo ya visiwa ndiyo iliyoloa zaidi, na fundi saa akasema angalau visiwa vimezoea maji. Wifi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni kwenye maji. Nami nikakaa.

Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi kuhusu migongo."

"Najua," akasema. "Lakini ulikwenda kumwambia. Mimi nisingeweza. Mimi ningemtukana tu na kurudi."

Miaka yote nilidhani Wifi ana ulimi mkali kwa sababu moyo wake ni mkavu. Leo nimemwona anafuta karata za visiwa moja moja kwa upindo wa kanga yake, anazipulizia kama mtoto aliyeumia, na nimeona nilivyokuwa sijui kumsoma mtu.

21 Aprili

Kaka ameziba paa. Hakuomba radhi, ila ameweka bati jipya. Kwa lugha ya kaka hiyo ni hotuba ndefu.

22 Aprili

Nimemtafuta muuza mayai. Nimeuliza duka hadi duka, nikampata nyuma ya kituo cha mafuta, anapanga trei chini ya turubai. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakanikimbia.

"Nilipaswa kusema kitu siku ile," nikamwambia. "Sikusema. Nisamehe."

Akanipa ndoo iliyopinduliwa nikae. "Dada, mimi sikuudhika kwa kushindwa. Mtu anayebeba mayai kwenye barabara yenye mashimo amezoea kushindwa. Na yule Daktari anajua, hilo nakubali. Ila nilipoketi pale, wiki zile, nilikuwa nasahau kwamba mimi ni mtu wa mayai. Akanikumbusha. Basi."

"Hachezi tena kwetu."

"Umemfukuza?" Akashtuka kweli. "Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya duka."

Alifikiri, safari hii bila sauti. Kisha akauliza kama anaweza kuja na mtu. Nyumbani anaishi na mama mkwe wake, na mvua imewafungia ndani pamoja, na maneno ya heshima yanayobaki kusemwa ni machache sana.

25 Aprili, Jumamosi

Leo tumegeuza duka!

Meza kubwa tumeisukuma nyuma, chini ya taa mbili. Mlangoni tumeweka meza ndogo ya duara, viti vyote vikitazama mlango au pembeni, hakuna kinachoupa mlango mgongo. Juu yake mchezo mmoja mwepesi, umeshafunguliwa, karata zimeshagawiwa. Na mmoja wetu lazima akae pale. Si nyuma ya kaunta, pale. Anayeingia anapewa kiti kabla hajapewa bei.

Wa kwanza kukaribishwa alikuwa mama mkwe wa muuza mayai. Mwanamke mfupi, mpole, amejitanda vizuri, amekalia ukingo wa kiti kama yuko kwenye kikao cha mahari. Muuza mayai alikaa mkabala naye akitazama sakafu, kwa heshima. Tukacheza mchezo wa karata wa kunyang'anyana mashamba. Ilipofika zamu ya muuza mayai, jasho likamtoka.

"Mama, nisamehe. Sheria inanilazimisha kuchukua shamba lako."

"Chukua, mwanangu. Mchezo ni mchezo."

Akachukua. Mama akatabasamu, akashusha karata tatu kwa mpigo, akamnyang'anya kila alichonacho, mpaka ghala.

"Mama!"

"Mchezo ni mchezo," akarudia, na kusogea mbele, akakaa kiti kizima.

Mkunga, ambaye aliitwa na Wifi kwa simu, anasema hajawahi kuona kitu cha kutisha namna ile, na kwamba anataka kucheza naye Jumamosi ijayo.

2 Mei, Jumamosi

Mvua nyepesi. Yule mama na mwanawe mkubwa wamerudi! Safari hii niliwaona kabla hawajafunga mwavuli. Mkunga dhidi ya mama mkwe: mama mkwe. Mteja wa betri amekaa, amecheza, amesahau betri.

6 Mei

Leo ameingia binti mmoja wa chuo. Nikamkaribisha, akaketi, akatazama rafu muda mrefu.

"Shangazi, kuna mchezo ambao watu hawashindani? Wote wanakuwa upande mmoja?"

Upo. Ni wa kijiji kilicho kando ya mto unaojaa. Kila mchezaji ana kazi yake, na ama wote wanaokoka au wote wanazama. Nikamuuliza ni wa kucheza na nani.

"Na baba, kama atakubali. Rafiki zake walikuwa wanakuja kucheza nyumbani. Wameacha kuja, mmoja mmoja. Wanasema wako bize." Akageuza boksi mikononi. "Baba hucheza peke yake, shangazi, hata tukiwa wanne mezani."

Hapo ndipo nilipoona vidole vyake. Havisiti. Ni mtoto wa Bingwa.

Sikumwambia jambo la Aprili. Nimemwambia aje Jumamosi aujaribu kwanza.

9 Mei, Jumamosi

Binti amekuja. Wamezama wote na kijiji chao kwa furaha kubwa. Mama mkwe alijaribu kuuliza kama anaweza kuwanyang'anya wenzake mashamba. Tumemweleza tena.

16 Mei, Jumamosi

Nitaiandika taratibu, maana naipenda.

Mchana mvua ilirudi kwa nguvu. Meza ya mlangoni walikuwepo binti, muuza mayai, mkunga aliyekuwa macho, na mama mkwe. Kwenye ubao, mto ulikuwa umeshapita ukuta wa kwanza. Mlango ukafunguliwa, akasimama Bingwa na miavuli miwili, mmoja juu yake na mwingine umefungwa, wa kumfuata binti yake.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika, akitazama nyuso. Safari hii hakukuwa na mgongo wa kumficha. Mimi nilisimama kutoka kwenye kiti changu, na kwa kweli sikujua nitasema nini. Kabla sijasema, muuza mayai alikwishavuta kiti kwa mguu.

"Daktari, afadhali umefika. Tunazama hapa. Njoo."

Bingwa alinitazama. "Naruhusiwa?"

"Nawa mikono kwanza," Wifi akajibu kutoka kaunta.

Akanawa. Akaketi. Akapewa kazi ya mtu wa mashua, akasoma sheria kwa sekunde chache, na mara mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kete ya muuza mayai.

"Baba," binti akasema.

Mkono ukasimama juu ya ubao. Niliona ilivyomgharimu. Akaurudisha, akaukalia kabisa, chini ya paja lake, kama mtoto. Kisha akamgeukia muuza mayai.

"Wewe unaonaje?"

Muuza mayai akaanza. Akasema nikienda juu maji yananifuata, nikienda chini nayafuata mimi, akazunguka kijiji kizima kwa maneno. Bingwa alisikiliza yote. Mwisho akasema polepole, "Hilo la ghala sikuliona." Wakajaribu la ghala. Bingwa akatoa mashua, mama mkwe akatoa mashamba yake yote bila kulazimishwa, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Watu wa meza ya nyuma wakaja kusimama. Fundi saa akaja na lenzi jichoni. Ilibaki karata moja. Binti akaifunua.

Mafuriko. Kijiji chote, na mashua, na ghala.

Sauti ikatoka kwa Bingwa ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka yote ya chumba cha dawa. Alikuwa anacheka mpaka miwani inateleza. "Nimeshindwa na kadibodi!" akasema. "Watu wazima watano, na kadibodi!"

Walipoanza kukusanya karata, aliacha kucheka. Akamwinamia muuza mayai, lakini aliongea kwa sauti ya wote kusikia, na najua alifanya makusudi.

"Ndugu yangu, siku ile nilikukosea. Mbele ya watu. Naomba radhi mbele yao."

Muuza mayai alikuwa anapanga kete za kijiji upya, moja moja, bila haraka.

"Siku ipi, Daktari?" akasema. "Mimi nakumbuka mvua tu."

Akamsogezea karata azichanganye.